Mawe ya vimondo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu waliookota mawe, walioona moto ukikatiza angani, na wachache ambao tayari wana masanduku ya vielelezo nyumbani. Mengi hurudi yale yale, na si kosa la waulizaji, kwa kuwa jiwe la kimondo halifanani na ile picha ambayo wengi wetu tunayo kichwani. Kama kimondo kimeanguka karibu nawe jana usiku, usisome kwa mpangilio. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Kutafuta".

## Mambo ya msingi

Kimondo ni ule mwanga au ni jiwe lenyewe?

Kiswahili cha kila siku kina neno moja kwa vyote viwili, ndiyo maana watu hupishana. Mistari mingi ya mwanga unayoiona usiku hutokana na punje ndogo kama mchanga, ambazo huungua zote juu sana na hazifiki chini. Mwanga mkubwa, ule unaong'aa kuliko Zuhura na pengine kutupa vivuli ardhini, hutokana na mwamba mkubwa zaidi, na huo ndio unaoweza kuacha kitu cha kuokota. Katika majibu haya nitauita mwanga "mwako", na jiwe lililotua nitaliita "kimondo".

Vimondo vinatoka wapi?

Karibu vyote ni vipande vya asteroidi, miamba inayolizunguka Jua hasa kati ya Mirihi na Mshtarii. Asteroidi hugongana, vipande huruka, na baadhi, baada ya mamilioni ya miaka, huikuta Dunia njiani. Vichache mno vimetoka Mwezini na Mirihi, ambako pigo kubwa lilirusha mawe hadi nje ya nguvu ya uvutano wa huko.

Umri wake ndio unaonishika mimi zaidi ya yote. Mawe ya Dunia yameyeyushwa, yamekandamizwa na kumomonyolewa mara nyingi mno hivi kwamba kumbukumbu ya mwanzo imefutika. Vimondo vingi vimebaki karibu kama vilivyokuwa miaka bilioni 4.56 iliyopita. Mwaka 1956 mwanakemia wa miamba Clair Patterson alipotangaza kwamba Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55, alikuwa amepima madini ya risasi (lead) yaliyomo ndani ya vimondo, kikiwemo cha chuma cha Canyon Diablo huko Arizona.

Kikianguka huwa cha moto?

La, na jibu hili huwashangaza watu kuliko mengine yote. Mwamba huingia kwenye angahewa kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde. Ngozi yake ya nje huyeyuka na kupeperushwa papo hapo, na joto huondoka pamoja nayo. Ndani unabaki na ubaridi uliotoka nao angani. Ukifika kilomita 20 au 30 juu ya ardhi kasi imekwisha, mwako unazimika, na kilichobaki huanguka gizani kwa dakika chache kama jiwe lolote, kikipita kwenye hewa baridi. Walioviokota mapema husema vilikuwa vya baridi au vuguvugu tu. Ukisikia kwamba jiwe lilikutwa linatoa moshi na nyasi zinawaka, tafuta chanzo kingine cha moto huo.

Kuna mtu aliyewahi kupigwa na kimondo?

Ndiyo, lakini ni nadra sana. Tarehe 30 Novemba 1954, huko Sylacauga, Alabama, jiwe la karibu kilo 4 lilitoboa paa, likadunda kwenye redio na kumpiga mwanamke aliyekuwa amejilaza kwenye kochi. Alibaki na jeraha kubwa la kuvilia damu ubavuni. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe mengi yalianguka Mbale, Uganda, na kipande cha gramu zisizofika 4 kikampata mvulana kichwani. Hakuumia, kwa kuwa majani ya mgomba yalikuwa yamekwishakipunguza kasi. Chelyabinsk, Urusi, Februari 2013, watu wapatao 1,500 walihitaji matibabu, wengi kwa kukatwa na vioo vya madirisha vilivyovunjwa na wimbi la mshindo.

## Nimeokota jiwe

Nitajuaje kama ni kimondo?

Anza na ganda. Kimondo kilichoanguka karibuni huwa na ngozi nyeusi, nyembamba, isiyozidi milimita moja au mbili. Lisogeze jiwe dirishani na ulitazame kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Ngozi hiyo mara nyingi imefifia kama makaa, si ya kung'aa kama lami, na huwa na nyufa ndogo ndogo kama za matope yaliyokauka. Pembe zake zimelainika. Uso unaweza kuwa na mabonde madogo kama alama za kidole gumba zilizobonyezwa kwenye udongo wa mfinyanzi.

Kisha tafuta mahali palipobanduka uone ndani. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu walitarajia weusi hadi katikati. Kimondo cha aina ya kawaida, kondraiti, ndani ni cha kijivu kama saruji iliyokauka. Ukikizungusha taratibu kwenye mwanga, punje za chuma humeta moja baada ya nyingine. Ukitulia zaidi utaona vidonge vya mviringo, vingi vidogo kama vichwa vya pini. Hivyo ni kondruli, matone ya mwamba yaliyoganda yakielea angani kabla Dunia haijakuwepo. Hakuna mwamba wa Dunia ulio navyo. Ukiviona, una haki ya kusisimka.

Uzito nao husema. Kondraiti ni nzito kidogo kuliko jiwe la kawaida la ukubwa uleule, na kimondo cha chuma ni kizito kiasi cha kuushtua mkono.

Sumaku inalivuta. Si inatosha?

Haitoshi. Vimondo vingi huvutwa na sumaku kwa kuwa vina chuma chenye nikeli, lakini magnetiti (madini meusi ya chuma), mawe mengi ya volkano na mavi ya chuma, yaani masalia ya kuyeyushia chuma kutoka tanuru za zamani, huvutwa pia. Mavi ya chuma ndiyo yanayowadanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Ni mazito na meusi, na hukutwa mahali pasipo na jiwe jingine la kufanana nayo.

Fanya na jaribio la mstari. Sugua jiwe kwenye upande usiopakwa rangi wa kigae cha kauri. Likiacha mstari mwekundu kama kutu, huenda ni hematiti, madini mengine ya chuma. Likiacha wa kijivu cheusi, huenda ni magnetiti. Kimondo kilichoanguka karibuni kwa kawaida hakiachi mstari wa maana.

Na tafadhali, usitumie sumaku zile ndogo zenye nguvu kupita kiasi. Vimondo vingine hubeba kumbukumbu ya uga wa sumaku wa mahali vilipozaliwa, na mguso mmoja wa sumaku kali huifuta moja kwa moja. Jiwe la Mirihi liitwalo NWA 7034 limepatwa na hayo. Vipande vyake vingi vilivyopimwa vilionekana vimekwishaguswa na sumaku za mikononi kabla ya kufika maabara. Kwa kukagua, sumaku dhaifu iliyofungwa kwenye uzi inatosha, na ni bora zaidi kupima kipande kidogo kilichobanduka chenyewe.

Jiwe langu lina matundu mengi. Si yalitokana na kuungua?

Matundu ya mapovu ni dalili mbaya. Hutokea gesi inapotoka kwenye mwamba ulioyeyuka, kama kwenye lava au mavi ya chuma, na kimondo hakikuyeyuka hadi ndani (rudi kwenye swali la moto). Fuwele nyeupe za kwazi nazo karibu kila mara humaanisha jiwe ni la hapa hapa Duniani.

Nilisafishe kwanza?

Usilisafishe. Niliwahi kuletewa jiwe lililosuguliwa kwa brashi ya waya na kulowekwa kwenye siki usiku kucha, ili "lionekane vizuri". Lilikuwa kondraiti halisi. Ganda lilikuwa limebaki kwenye mfereji mmoja mwembamba upande wa chini, na aliyelileta hakukumbuka tena ni upande gani wa mlima alioliokotea. Jiwe lilikuwepo, habari zake zilikuwa zimepotea, na hakuna maabara inayoweza kuzirudisha. Lifunge kwenye karatasi safi ya aluminiamu au mfuko mpya wa plastiki, andika tarehe na mahali, kisha subiri.

Nani anaweza kulithibitisha?

Idara ya jiolojia ya chuo kikuu, taasisi ya jiolojia ya serikali, au makumbusho yenye mkusanyiko wa miamba. Tuma kwanza picha zilizo kali, zenye rula kando ya jiwe, pamoja na uzito na matokeo ya majaribio ya hapo juu. Usipeleke jiwe zima kwa posta kwa mtu usiyemjua.

Likikubaliwa, litakatwa kipande chembamba na kuchunguzwa kwa darubini na kwa vifaa vinavyopima kemia ya madini yake. Kabla jina jipya halijaidhinishwa na Meteoritical Society, jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa vimondo, kielelezo hubaki kwenye taasisi, gramu 20 au asilimia 20 ya uzito wote, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Wengine huona kama wanaibiwa. Hawaibiwi, kwani kipande hicho ndicho kitakachompa kila mtu wa baadaye uwezo wa kuhakikisha kwamba jiwe ni hilo wanalosema ni hilo.

## Kutafuta

Nimeona mwako mkubwa. Nifanye nini?

Simama palepale ulipouonea. Angalia ulianzia juu ya nini na ulizimikia juu ya nini: mti, paa, nguzo. Piga picha ya mandhari hiyo ukiwa hujasogea, na uandike saa. Hesabu sekunde tangu mwanga hadi mshindo, kama upo. Mshindo ni habari njema, maana yake mwamba ulishuka chini kiasi cha kutosha na huenda umeacha mawe.

Watu huapa kwamba kimeanguka "nyuma ya kile kilima". Karibu daima kimekwenda mbali zaidi, pengine makumi ya kilomita. Jicho moja haliwezi kupima umbali wa kitu angani. Ndiyo maana kamera zinazotazama anga kutoka sehemu tofauti zina thamani kubwa. Mwaka 1959, Příbram katika Czechoslovakia ya wakati huo, ndiyo mara ya kwanza picha za kamera kadhaa zilipotumika kukokotoa njia ambayo kimondo kilikuwa kikipita kulizunguka Jua kabla ya kuanguka. Kamera za ulinzi za madukani na zile za kwenye magari sasa zinaweza kufanya kazi hiyohiyo, ukiwahi kuomba picha kabla hazijajifuta.

Mawe yaliyovunjika hewani hutua katika eneo lenye umbo la yai, mazito yakitangulia mbele na mepesi yakibaki nyuma. Ukipata mawili au matatu na kuyaweka kwenye ramani pamoja na uzito wa kila moja, utajua uelekee wapi.

Kwa nini haraka namna hiyo?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mvua. Maji huanza kubadili chuma na chumvi zilizomo mara moja. Ya pili ni kwamba mionzi ya anga huacha ndani ya jiwe atomi zisizodumu, nyingine hupungua nusu kwa saa au siku chache, na kwazo wanasayansi husoma jiwe lilikuwa na ukubwa gani likiwa bado angani. Zikiisha, zimeisha.

Tazama Tagish Lake, Kanada. Kimondo kilianguka Januari 18, 2000 juu ya ziwa lililoganda. Siku chache baadaye mkazi mmoja aliokota vipande bila kuvigusa kwa mkono mtupu, akaviweka kwenye mifuko na kuvitunza vikiwa vimegandishwa. Hakuwa mwanasayansi wa vimondo, lakini kwa uangalifu wake ilipatikana sampuli safi ambayo ni nadra kuwa nayo. Winchcombe, Uingereza, Februari 28, 2021, jiwe lilipasukia kwenye njia ya gari mbele ya nyumba, na asubuhi yake wenye nyumba walikuwa wamekwishakusanya vipande mifukoni. Maji yaliyofungwa ndani ya madini yake yalikutwa yanafanana sana na maji ya bahari zetu.

Kwa nini wawindaji huenda jangwani na Antaktika?

Vimondo huanguka popote kwa usawa, ila mahali pengine huonekana na kudumu. Jangwani hakuna majani ya kuvificha wala mvua ya kuviozesha. Antaktika ina siri zaidi. Barafu hutembea taratibu ikibeba mawe yaliyoangukia bara zima. Ikizuiwa na milima, husimama, upepo huila kutoka juu, na mawe hubaki yamerundikana. Mwaka 1969 watafiti wa Japani waliokota mawe 9 karibu na milima ya Yamato, wakagundua kwamba ni ya aina tofauti, yaani hayakuwa yameanguka pamoja. Tangu hapo maelfu kwa maelfu yameokotwa huko.

Nahitaji vifaa gani?

Macho, kwanza na mwisho. Kisha fimbo yenye sumaku dhaifu, lenzi, simu au kifaa cha kuonyesha mahali ulipo (GPS), mifuko safi, kalamu. Mashine ya kutambua chuma husaidia kwa vimondo vya chuma vilivyofukiwa. Tembea kwa mistari, jua likiwa nyuma yako.

Je, inawezekana kujua kabla hakijaanguka?

Imewezekana mara chache. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini ya Arizona iliona asteroidi ya upana wa mita 4 hivi, na kesho yake ikalipuka juu ya jangwa la Nubia, Sudan. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Khartoum wakajipanga mstari na kulichana jangwa kwa miguu. Kimondo kinaitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa jina la kituo cha reli kilicho karibu. Yalipatikana mamia ya vipande, na cha ajabu, havikuwa vya mwamba wa aina moja.

## Vimondo adimu

Ni vipi hasa vilivyo adimu?

Zaidi ya vimondo vinane kati ya kila kumi vinavyoonekana vikianguka ni kondraiti za kawaida. Vya chuma ni karibu kimoja katika kila ishirini. Palasaiti, zenye vito vya olivini vya rangi ya asali vilivyoshikwa na chuma, ni chache zaidi. Vya Mwezi na Mirihi ni sehemu ndogo mno.

Lakini ukiniuliza mimi, nitakuonyesha jiwe dogo jeusi lisilopendeza. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo cha takriban gramu 700 kilianguka Ivuna, Tanganyika. Ni laini, chepesi kuvunjika, kimejaa udongo, maji na kaboni. Mawe ya aina yake yaliyoonekana yakianguka yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kundi lao linaitwa CI, ambapo hiyo I ni ya Ivuna. Ukiondoa gesi kama hidrojeni na heliamu, uwiano wa elementi ndani yake unakaribiana ajabu na ule wa Jua lenyewe. Kwa hiyo kila mtu duniani anayetaka kujua mata asilia ya mfumo wetu ilikuwaje hulinganisha na kundi hilo. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta vumbi la asteroidi Ryugu mwezi Desemba 2020, wanasayansi walikuta linafanana zaidi na kundi la Ivuna kuliko lingine lolote.

Inajulikanaje kwamba jiwe limetoka Mirihi na hakuna aliyefika huko?

Kwa hewa. Kimondo EETA 79001 cha Antaktika kina mifuko midogo ya kioo iliyoyeyuka wakati wa pigo na kunasa gesi. Gesi hiyo ilipopimwa, uwiano wake ulilingana na hewa ya Mirihi iliyopimwa na vyombo vya Viking vilivyotua huko mwaka 1976. Mawe mengine huunganishwa nalo kwa isotopu za oksijeni, yaani atomi za oksijeni zenye uzito tofauti. Ya Mwezi hulinganishwa na sampuli zilizoletwa na wanaanga wa Apollo.

Ile michoro iliyopishana kwenye vimondo vya chuma imechongwa?

Haichongwi. Chuma hukatwa, hung'arishwa na kupakwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Aloi mbili (michanganyiko ya metali), moja yenye nikeli kidogo na nyingine yenye nikeli nyingi, huliwa kwa kasi tofauti, na michoro hujitokeza. Ilihitaji kupoa kwa nyuzi chache au mia chache tu katika kila miaka milioni, ndani ya kiini cha asteroidi. Hakuna kiwanda kinachoweza kusubiri hivyo, basi ukiiona michoro halisi umeona uthibitisho.

## Kukusanya

Kimondo ni mali ya nani?

Inategemea nchi, na kosa hapa laweza kukufikisha mahakamani. Denmark hudai kikabidhiwe serikali, aliyekiokota akalipwa fidia. Argentina tangu 2007 huvihesabu vimondo kuwa urithi wa utamaduni. Namibia hulinda Hoba, kile cha tani 60 hivi, kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana, ambacho hakijawahi kuhamishwa. Marekani huzingatia mwenye ardhi. Mwaka 1905 mahakama kuu ya Oregon ilimnyang'anya mtu kimondo cha Willamette, cha zaidi ya tani 14, ambacho alikuwa amekikokota kwa miezi kutoka shamba la kampuni hadi lake.

Julai 2025 jiwe la Mirihi la zaidi ya kilo 24, lililopatikana Niger, liliuzwa mnadani New York, na serikali ya Niger ikatangaza kuchunguza lilivyotoka nchini. Binafsi sinunui kitu kisicho na karatasi ya kutokea nchini mwake, hata kikiwa kizuri vipi.

Nitaepukaje kuuziwa jiwe la uongo?

Uliza jina lililoidhinishwa, kisha ulitafute kwenye orodha ya Meteoritical Society. Linganisha uzito wote uliosajiliwa, aina na mahali. Muuzaji anayekwepa swali la "kiliokotwa wapi, na nani alikichunguza" amekwishakujibu.

Kimondo changu kinatoka kutu. Nifanyeje?

Kloridi kutoka ardhini imeingia ndani. Kitoe mahali penye unyevu, kikaushe kwa joto dogo, kiweke kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, na uvibadilishe vikishiba maji. Usikishike kwa vidole vyenye jasho. Mafuta hupunguza kutu, lakini hukiharibu kwa uchunguzi wa kemia ya kaboni, kwa hiyo kamwe usiyatumie kwa aina zenye kaboni.

## Maswali ya pembeni

Kina mionzi ya hatari?

Hakina. Mionzi yake haizidi ya mawe ya kawaida.

Kwa nini kwenye shimo kubwa hakuna jiwe kubwa?

Kreta ya Arizona ina upana wa kilomita 1.2 hivi. Mhandisi wa migodi Daniel Barringer alichimba kwa miaka mingi akiamini kwamba bonge la chuma limezikwa chini yake. Halikuwepo. Kwa kasi ile, sehemu kubwa ya mwamba iligeuka mvuke na matone. Kinyume chake, Hoba ilitua taratibu kiasi kwamba haina kreta inayoonekana.

Vioo vya kijani na vyeusi vinavyouzwa kama vimondo?

Hivyo ni tektaiti, mwamba wa Dunia ulioyeyushwa na pigo na kurushwa mbali. Vinavutia na vina historia yake, ila si vimondo.

Nimerithi jiwe ambalo wazee walisema lilianguka kutoka angani. Hakuna karatasi. Lina faida yoyote?

Huenda linayo, lakini anza na wazee kabla ya maabara. Keti na yeyote anayekumbuka na uandike kama anavyosema: lilianguka msimu gani, mchana au usiku, lilitokea upande upi, nani alilikuta, lilikaa wapi hadi leo. Usimrekebishe. Chora ramani ya mahali pale akiwa anatazama. Kisha piga picha za jiwe pande zote sita, lipime, ambatanisha maandishi hayo, na fuata jibu la "Nani anaweza kulithibitisha?".